Vitunguu vya maua kwa bustani ya Ayalandi: vya kununua na vya kuacha kama unataka maua ya kugawa

Vuli inapokaribia, maduka ya bustani na supamaketi za Ayalandi hujaza rafu mifuko ya wavu yenye vitunguu vya maua (bulbs kwa Kiingereza, vyenye umbo la kitunguu cha kupikia) yatakayochanua baada ya baridi. Mfuko unaovuta jicho kuliko yote ni ule wa mchanganyiko: mkubwa, una picha ya rangi zote, na kila kitunguu kinatoka kwa bei ndogo. Kwa anayetaka rangi tu kando ya njia, unatosha. Kwa anayetaka kukata maua na kuwapelekea majirani na wagonjwa kuanzia Februari hadi Mei, hauna maana. Hujui kipi kitachanua lini, na mara nyingi vingi huchanua kwa pamoja, halafu mnabaki na majani. Nunua kila aina kwa jina lake.

Kabla ya jina, soma namba. Mfuko unaostahili pesa yako huonyesha mzingo wa kitunguu kwa sentimita, kwa mfano 12/14, yaani 12 hadi 14. Dafodili, ua ambalo mara nyingi ni la njano na lina umbo la tarumbeta katikati, zikiwa ndefu za kukata zinataka 14/16 au zaidi. Tête-à-tête, aina ya dafodili, ni ndogo kwa asili, kwa hiyo 12/14 inatosha, na krokasi, ua fupi la mwanzo wa majira, ni 8/9. Tulipu, ua lenye umbo la kikombe, iliyo chini ya 11/12 iache dukani, kwa sababu kitunguu chembamba hutoa jani moja pana bila ua. Kisha bonyeza kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea, kuna uozo unaoanzia kwenye mizizi, au funza wa nzi wa dafodili yumo ndani. Ganda la tulipu lililopasuka si kasoro, wala ukungu mdogo wa kijivu unaofutika kwa kidole.

Na jina la kitunguu lisimdanganye mtu: dafodili ina sumu, na kitunguu chake kinafanana sana na cha kupikia. Mfuko usiingie jikoni hata kwa siku moja.

Dafodili ndiyo inayoifaa zaidi hali ya hewa ya Ayalandi. Haiogopi udongo unyevunyevu alimradi maji hayatuami, panya na sungura huiacha, na kila mwaka huongezeka. Adui yake ni upepo wa kusini-magharibi kutoka Atlantiki. Ndiyo maana Tête-à-tête, yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, inastahili sifa zote inazopewa: bua fupi, ua zaidi ya moja mara nyingi, na kwa kawaida huwa tayari kufikia sikukuu ya Mtakatifu Patrick, Machi 17. February Gold hutangulia kidogo, ingawa jina lake lina matumaini kupita kiasi, kwani katika maeneo mengi huchanua Machi. Thalia, nyeupe, yenye harufu nzuri na kimo cha sentimita 30 hivi, hufuata Aprili, na kwa shada la kumpa mtu sijaona ya kuishinda. Ukitaka kufika Mei, ongeza dafodili ya washairi, Narcissus poeticus recurvus. Aina ndefu kama Carlton zipande nyuma ya uzio wa miti unaovunja upepo. Usikimbilie ukuta mtupu, maana upepo huruka juu yake na kuzunguka kwa nguvu upande wa pili.

Zenye petali nyingi zilizosongamana ziache, hata zikiwa nzuri namna gani kwenye picha. Mvua ikinyesha usiku, kichwa hunyonya maji kama sifongo na bua huvunjika.

Tulipu ni hesabu nyingine. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, ambako majira ya joto ni makavu na kitunguu hukauka ardhini. Mashariki mwa Ayalandi hupata takriban milimita 750 hadi 1000 za mvua kwa mwaka, na sehemu nyingi za magharibi 1000 hadi 1400. Kitunguu kisichopata ukavu hugawanyika kuwa vidogo vidogo visivyochanua. Nunua tulipu ukijua ni za mwaka mmoja. Aina za Purissima na Spring Green hurudi kwa miaka kadhaa kama udongo unapitisha maji vizuri, ila usizijengee ahadi.

Zipande Novemba au hata mwanzoni mwa Desemba, kina cha sentimita 15 hadi 20. Ukiwahi Septemba, udongo wenye joto na unyevu huamsha ukungu uitwao Botrytis tulipae: majani hutoka yamejikunja kama yaliyoungua, petali huwa na madoadoa. Mche wa namna hiyo ng'oa pamoja na kitunguu, usiutupe kwenye mboji, na usipande tulipu hapo kwa miaka mitatu. Dafodili ni kinyume chake, inataka Septemba au Oktoba ili iote mizizi mapema.

Kwa udongo wa mfinyanzi, chungu ndicho suluhisho. Cha upana wa sentimita 30 kinabeba tulipu 12 hadi 15. Changanya sehemu tatu za mboji isiyo na peati (udongo mweusi unaochimbwa kwenye vinamasi) na sehemu moja ya changarawe laini, kiinue kidogo kutoka sakafuni, na uondoe kisahani. Kisahani kilichojaa maji ya Januari huozesha vitunguu vingi kuliko jalidi.

Sasa kukata. Usingoje dafodili ifunguke. Ikate tumba likiwa limeonyesha rangi na kuinamisha shingo kama bata bukini. Itafunguka ndani ya nyumba bila madoa ya mvua. Kata bua peke yake, majani yabaki. Asubuhi ya jalidi utayakuta mabua yamelala chini; subiri yainuke yenyewe, maana yakikatwa yakiwa yameganda hulegea haraka chomboni. Utomvu wa dafodili huwasha ngozi na hufupisha maisha ya tulipu, kwa hiyo ziweke peke yake kwenye maji baridi kwa saa 12 hadi 24. Baada ya hapo unaweza kuzichanganya, bila kuzikata tena, kwani ukikata utomvu hurudi. Safarini, funga miguu ya shada kwa gazeti lililoloweshwa, na umwambie mpokeaji asimwache mbwa kunywa maji ya chombo.

Majani yaache wiki sita baada ya maua kuisha, bila kuyafunga mafundo. Mashine ya nyasi ikiyapitia mapema, mwakani utapata majani bila ua, na lawama itaangukia kitunguu bure.

Wengine hupenda kugawa mche wenyewe. Maua madogo meupe ya Galanthus nivalis, yanayochanua karibu na sikukuu ya Mtakatifu Brigid, Februari 1, hugawanywa maua yakishaisha lakini majani yakiwa bado mabichi. Vitunguu vyake vikavu vya dukani hukauka upesi na vingi haviamki, hivyo hapa zawadi ya jirani inashinda dukani. Lakini maua yaitwayo kengele za buluu za Kihispania, Hyacinthoides hispanica, usimpe mtu, kwani huzaana na zile za asili za Ayalandi na kuzimeza. Ya asili huinamisha bua upande mmoja na vichwa vya chavua ndani ya ua ni vya rangi ya maziwa. Vikiwa vya buluu, na bua limesimama wima, mche huo usitoke bustanini kwako.