Dagaa "wabichi wa leo" usiku wa mwezi mpevu

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza.

Wiki mbili hivi baada ya Idi el Fitri, mama mdogo alikuja Dar kutoka Tanga kutazamwa macho. Sikumbuki kama ilikuwa Jumamosi au Jumapili. Ninachojua ni kwamba daktari alishamwambia macho hayana neno kubwa, tumefurahi, nikamwambia leo hapiki mtu humu ndani, twende tukale nje. Nikamuuliza anatamani nini. Hakusema kuku, hakusema pweza. Akasema, "Dagaa wabichi, mwanangu. Siku nyingi."

Kuna hoteli moja ya ufukweni, upande wa kaskazini mwa jiji, ambayo kila nikipita na daladala nauona ubao wake: DAGAA WABICHI WA LEO. Jina silitaji, anayepita njia ile anaujua huo ubao. Basi nikampeleka huko. Tukakaa meza ya nje, miguu kwenye mchanga, jua linazama nyuma yetu. Tukasubiri karibu saa nzima.

Sahani ikaja. Rundo la dagaa waliokaangwa mpaka wakawa rangi ya kahawa, juu yake pete za vitunguu na kipande cha ndimu. Mimi nilishaanza kunawa. Mama mdogo akamchukua mmoja kwa mkia, akamgeuza kwenye taa, akamweka ukingoni mwa sahani. Akachukua wa pili. Wa tatu. Akawapanga mmoja mmoja bila kusema kitu mpaka wakafika kumi na mmoja, kisha akanionyesha kwa kidole. Tisa walikuwa wamepasuka matumbo. Watatu kati yao vichwa vilibaki mkononi alipowainua.

Kwa asiyejua: dagaa akivuliwa ametoka kula, tumbo lake huanza kujila lenyewe. Pasipo barafu, saa chache tu zinatosha, ngozi ya tumboni inalegea kisha inapasuka. Kumkaanga hakumrudishi alivyokuwa. Mafuta ya moto yanaficha harufu, yanaficha ulaini, lakini tumbo lililopasuka linabaki limepasuka.

Nilionja hata hivyo, maana nilikuwa na njaa na nilishaona bei. Sahani ile haikuwa na pilipili hata chembe, lakini ulimi uliniwasha kama nimelamba pilipili kichaa. Baadaye usiku shingo ikawa nyekundu na kuniwasha, ikaisha yenyewe. Siwezi kuapa kwamba ni dagaa wao. Ninachojua ni kwamba samaki wa namna hii, dagaa, vibua, jodari, wakikaa kwenye joto hujenga kitu kinachoitwa histamini, na kikishajengeka hakiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Dalili zake ndizo hizo nilizopata. Msomaji apime mwenyewe.

Nikamwita kijana aliyetuhudumia. "Mdogo wangu, dagaa hawa wa wapi?"

"Wa Kigoma, dada."

Nikamwambia Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, dagaa wa huko tunawajua, wanatufikia wakavu, na ni wazuri mno wakiwa wakavu. Mbichi kutoka Kigoma hawezi kuwa "wa leo" Dar es Salaam. Kijana akaona aibu, akaenda kuuliza jikoni, akarudi akasema wa Mafia. Simlaumu. Alikuwa anatumwa tu, na alimwamkia mama mdogo tulipoingia. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu ya kilichofuata.

Akaja msimamizi wake. Mwanamume wa kama miaka thelathini na tano, simu mkononi. Mama mdogo ana miaka sabini na kitu, kajitanda kanga yake, kakaa mbele yake. Yule bwana hakusema shikamoo. Hakusema habari za jioni. Alisema, "Tatizo nini hapa?"

Mama mdogo ndiye aliyemjibu, kwa upole, kama anavyoongea na wajukuu. "Mwanangu, dagaa hawa wamelala. Si wa leo."

"Bibi, dagaa ni dagaa. Kama hamjazoea mambo ya hoteli, mngekula nyumbani."

Nataka kila anayesoma hapa aisome sentensi hiyo mara mbili. Aliambiwa mtoto wa mvuvi, mwanamke aliyekulia Tanga akipokea dagaa ufukweni alfajiri kabla ya kwenda chuoni, kwamba hajazoea. Mimi nilisimama. Mama mdogo akanishika mkono, nikakaa. Kisha akamwuliza yule bwana, "Huo mwezi nyuma yako unauona?"

Ulikuwa umetoka baharini muda si mrefu, mzima, mwekundu, unapanda. Sote tuliutazama isipokuwa yeye.

"Idi tumekula lini?" mama mdogo akamwuliza. "Hesabu. Leo ni kama mwezi kumi na nne. Nani kakuvulia dagaa jana usiku?"

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Dagaa wetu wa pwani huvuliwa usiku kwa taa. Babu yangu alitumia karabai, siku hizi ni taa za sola na za jenereta, ila kazi ni ileile: chombo kinawasha taa gizani, dagaa wanaifuata na kukusanyika, nyavu inazungushwa. Mwezi ukijaa bahari yote inakuwa na mwanga, dagaa hawana sababu ya kuikimbilia taa yako. Siku hizo wavuvi wengi wa taa hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Na Idi el Fitri, kila Mwislamu wa pwani anajua, inakuja na mwezi mwandamo. Hesabu wiki mbili tangu Idi, uko katikati ya mbalamwezi. Haihitaji shule.

Sisemi mwezi ukijaa bahari inakauka dagaa. Wapo wanaovua kwa nyavu nyingine, na chombo kinaweza kubahatika. Inawezekana kabisa hoteli ile ilipata dagaa kutoka mahali fulani. Lakini hao tuliowekewa mezani hawakuwa wa siku ile, na msimamizi hakujaribu hata kusema walitoka wapi. Alisema hivi: "Mimi nauza chakula, sipigi ramli." Akaondoka anaangalia simu yake.

Tukalipa yote. Elfu kumi na nane kwa sahani ambayo hatukula hata robo, soda mbali. Mama mdogo akawaambia asanteni. Hiyo asante ndiyo iliyoniuma kuliko pesa.

Haki yao niwape. Wali wa nazi ulikuwa mzuri, punje moja moja, na tui halikuwa la kopo. Meza ya pili walikula changu wa kuchoma na walionekana wameridhika. Mahali ni pasafi. Kama unataka wali na upepo wa bahari, nenda, ningewapa hata nyota tatu. Hapana, nafuta. Tatu kwa watu waliomjibu mzee vile? Mbili. Na hizo mbili ni za mpishi wa wali na yule kijana.

Kesho yake mama mdogo aliniamsha kabla ya adhana. Anataka Feri, soko la samaki. Nikamwambia si ulisema mwenyewe hakuna dagaa? Akasema anataka kumsikia mtu akisema hakuna.

Feri alfajiri siyo mahali pa kumpeleka mtu aliyetoka kutibiwa macho. Maji machafu chini, mikokoteni inakupita kisigino, vijana wanakuvuta mkono, "wa leo mama, wa leo, njoo uone." Mmoja alikuwa na sinia la dagaa anawanyunyizia maji kila mara wang'ae. Mama mdogo akaminya mmoja kwa kidole gumba, shimo likabaki vilevile. Tukaendelea. Nilishaanza kusema moyoni kwamba Feri na hoteli ni walewale.

Kisha tukafika kwa mama mmoja wa makamo, ndoo yake imefunikwa gunia lililoloa. Mama mdogo akamsalimia, akaamkiwa, wakaulizana hali na za nyumbani mpaka mimi nikachoka kusimama. Ndipo akauliza, wabichi wapo?

"Hawapo, mama. Si unaona mwezi? Hawa ni wa juzi, wamelala kwenye barafu. Ukiwakaanga leo hii watakufaa. Kuwachemsha chukuchuku usithubutu. Rudini mwezi ukipungua, giza likiingia."

Mama mdogo akacheka, cheko la kwanza tangu jana yake. Akanunua fungu moja la hao wa juzi, akijua ni wa juzi, kwa bei ya samaki wa juzi. Tukawakaanga mchana. Walikuwa sawa. Hawakuwa watamu wa kusimulia, lakini matumbo yalikuwa mazima, maana barafu ilikuwepo tangu mwanzo, na hakuna aliyewashwa ulimi.

Basi hoja yangu siyo kwamba lazima dagaa awe ametoka majini saa ileile. Jiji hili lina watu mamilioni, jua kali, foleni. Samaki wa juzi aliyetunzwa ni chakula halali. Hoja yangu ni lile neno "leo". Anayeuza akijua ni wa juzi, aseme wa juzi.

Mama mdogo aliahirisha safari ya Tanga kwa ajili ya giza. Tuliporudi Feri, siku yenyewe siikumbuki, yule mama alituona kwa mbali akafunua ndoo kabla hatujafika. Dagaa mchele. Kama hujawahi kuwaona wabichi kweli, mwili wake unakaribia kupitisha mwanga, ubavuni mstari wa fedha kama umepigwa kwa rula. Ukimshika mkia anasimama mkakamavu kama njiti. Jicho jeusi, limejaa. Nikainamisha pua ndooni: harufu ya maji ya chumvi, vumba hakuna. Pembeni alikuwa na dagaa papa wachache, wakubwa kidogo, migongo ya buluu iliyoingia kijani, magamba yangali mwilini.

Mama mdogo alipika chukuchuku, kwa sababu chukuchuku haina pa kufichia kitu. Maji kidogo, chumvi, kitunguu, nyanya mbili, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Vikichemka na kuiva, ndipo dagaa wanaingia, na ndimu mwishoni. Hakuingiza mwiko. Alishika sufuria masikio yote mawili kwa kanga akaitikisa, akaniambia ukikoroga unapika uji. Dakika chache tu akaipua. Nyama ilikuwa nyeupe, tamu yenyewe, miiba inalegea mdomoni. Tulikula na ugali mpaka tukafuta sufuria kwa tonge. Watoto wangu, ambao dagaa wanawajua wakavu tu wa kwenye mfuko, walinyamaza kimya wakila.

Baada ya mlo ule hasira zilishuka kweli. Niliamua nisiandike chochote. Mama mdogo alipanda basi kesho yake akaniambia niachane na yule bwana, ni mtoto.

Juzi nimepita pale tena. Daladala ilisimama kwenye foleni mbele ya hoteli, nikautazama ubao kwa karibu kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni chaki. Ni rangi ya mafuta. DAGAA WABICHI WA LEO, rangi ya mafuta, imepakwa upya, bado inang'aa. Mtu alinunua kopo la rangi akaandika "leo" isiyofutika. Wakati wa giza ni leo, wakati wa mbalamwezi ni leo, pepo za kusi zikivuma vyombo vyote viko juu ni leo. Nikashuka.

Msimamizi hakuwepo, au ndivyo nilivyoambiwa. Zile nyota mbili nazifuta. Yule mpishi wa wali anisamehe, siwezi kuisifu nyumba kwa ajili ya chumba kimoja. Msiagize dagaa pale. Mkitaka dagaa wabichi hapa mjini subirini giza, nendeni Feri alfajiri, minyeni tumbo kabla ya kuuliza bei, na mkikuta muuzaji anayewaambia "hawapo", mshikeni huyo awe wenu.

Nilipokuwa natoka, yule kijana mhudumu akanifuata mpaka barabarani. Akanikumbuka. Akasema taratibu, huku anaangalia nyuma, "Dada, bibi yule hajambo? Mpelekee shikamoo yangu."

Jioni nikampigia mama mdogo nikamfikishia. Akanyamaza kidogo. "Yule mwembamba? Mwambie marahaba." Kisha akaniuliza kama nimeshakwenda Feri, maana giza linakwisha.