Seti ya mkia wa RV-7: uzoefu wangu wa kukata na kuoanisha vipande

RV-7 ni ndege ya viti viwili ya alumini inayouzwa kama vipande vya kujijengea na Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, Marekani. Wajenzi wengi huanza na mkia. Sifa kubwa ya seti hii ni matundu: mabamba na mbavu (vipande vya ndani vinavyoyapa mabamba umbo) huja vimeshatobolewa kiwandani, na ukivishikiza kwa pini za Cleco, yaani pini za muda za kushikilia vipande kabla ya kuviunganisha, kila tundu linaangukia juu ya mwenzake. Sifa hiyo ni ya haki kabisa. Ila matundu hayo hayamwondolei mjenzi kazi ya tupa. Kingo, pembe za kukazia (vipande vya umbo la L) na ndimi za mbavu (kingo zake zilizokunjwa ili zishikane na bamba) zimeachwa mikononi mwako, na kwa maoni yangu uimara wa mkia unaamuliwa hapo.

Chukua pembe nyembamba zinazokaza kwa ndani bamba la usukani (kibao cha wima cha mkia kinachogeuza ndege kushoto na kulia) na la elevata (kibao cha mlalo kinachoinua na kushusha pua). Zinakuja zimeungana katika vipande virefu. Unazitenganisha mwenyewe, kisha unazichonga zisinyae kuelekea ukingo wa nyuma. Mkasi wa bati wenye mpini wa manjano unatosha kwa kukata kulikonyooka (mwekundu hupinda kushoto, wa kijani kulia). Usikate juu ya mstari. Acha milimita 1 hadi 1.5 nje yake, halafu umalizie kwa tupa. Meno ya mkasi huiponda alumini na kuacha vijiufa ambavyo jicho halivioni, kwa hiyo ile milimita unayoipiga tupa ndiyo inayoondoka na alumini iliyojeruhiwa. Baada ya tupa, pitisha ukingo kwenye gurudumu la kusugulia la Scotch-Brite la inchi 6 lililofungwa kwenye grainda ya mezani. Kama kuna kifaa kimoja nje ya seti ambacho ningekinunua bila kuuliza bei, ni hicho. Ukingo uliokwisha kazi hauzuii pamba: ukiiburuta na nyuzi zikanasa, rudia.

Kona za ndani zina sheria yake. Popote mikato miwili inapokutana, toboa kwanza tundu la duara, kisha kata kuelekea hapo na ulainishe kwa tupa ya mviringo. Kona ya ndani iliyo kali hukusanya nguvu zote za mtetemo mahali pamoja, na ufa huanzia hapo.

Kuoanisha mbavu kunahitaji subira kuliko kukata. Ubavu uliokandamizwa kwenye mashine hutoka umejikunja kidogo kama upinde, na ndimi zake mara nyingi hazijafika nyuzi 90. Nyoosha ndimi kwanza, pima kwa pembemraba, kisha tumia koleo la kutia mikunjo midogo kati ya tundu na tundu mpaka mstari wa matundu unyooke. Mkunjo usiangukie juu ya tundu, la sivyo ribiti (kipini kinachogongwa ili kuunganisha mabamba) haitalala. Ukilivuta bamba kwa nguvu ya pini ili likubaliane na ubavu uliopinda, litafunga, lakini uso utabaki na mawimbi na kila ribiti itakuwa inavutwa hata ndege ikiwa imesimama.

Katikati ya bawa la mlalo la mkia, mhimili wa mbele (boriti inayobeba bawa) unakazwa kwa pembe nene zinazopindwa nyuzi 6. Nashauri ukate kwanza kigezo cha kadibodi chenye pembe hiyo, uzipinde kwenye jiliwa lililovishwa mbao, na upime kila baada ya mapigo machache ya nyundo. Kuirudisha pembe iliyopindwa kupita kiasi ni kuichosha. Pembe hizo zikishakaa, angalia mbavu zilizo jirani. Zinapogusana, kata ulimi wa ubavu kama mchoro unavyoonyesha, usiguse pembe.

Kabla ya kukata chochote, pima umbali kutoka kitovu cha tundu hadi ukingo utakaobaki. Usipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti: karibu milimita 4.8 kwa ribiti ya inchi 3/32, na 6.4 kwa ya inchi 1/8. Ribiti ya kichwa bapa ipe nafasi zaidi ya hapo. Kipande kilichopunguzwa kikavuka mpaka huo hakiokolewi kwa kuweka ribiti nene zaidi, maana ribiti nene inadai ukingo mpana zaidi. Agiza kingine.

Alama chora kwa kalamu ya wino yenye ncha nyembamba. Penseli iache kabisa, kwa sababu risasi yake ni grafiti, na grafiti ikikutana na alumini na unyevu huleta kutu. Msumari wa kuchorea nao uache: mabamba haya ni ya 2024-T3 yaliyofunikwa utando mwembamba wa alumini safi, na mkwaruzo unautoboa.

Mpangilio ninaoupendekeza ni kupanga vyote vikavu kwa pini, kukata panapogusana, kupanga tena, ndipo upanue matundu hadi ukubwa wa mwisho. Kisha fungua kila kitu, ondoa makali ya kila tundu pande zote mbili, bonyeza vishimo vya ribiti za kichwa bapa, paka praima, na mwisho ugonge ribiti. Kwenye usukani na elevata, hakikisha pembe za pande mbili hazigusani nyuma, na weka tone la silikoni aina ya RTV pale ncha zake zinapokaribiana. Bila hilo bamba hutetemeka mwishoni mwa pembe na kupasuka.

Vipimo vyote ni vya inchi, jambo linalowasumbua walio Nairobi au Dar es Salaam ambako keekee za duka la kawaida ni za milimita. Keekee namba 40, ya ribiti ya inchi 3/32, ina milimita 2.49, hivyo ya 2.5 inakubalika. Namba 30 ina 3.26, ya 3.2 inabana ribiti ya inchi 1/8, na ya 3.5 ni kubwa mno. Namba 30 iagize pamoja na seti, na chukua zaidi ya moja, kwa kuwa keekee butu hutoboa tundu lisilo la duara.