Linux Mint kwenye laptopu ya RAM GB 4: uzoefu wangu hapa Dodoma

Natumia mfumo endeshi wa Linux Mint 22, toleo jepesi la Xfce, kwenye HP EliteBook 840 G1: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, SSD ya GB 256. Kwa laptopu za umri huu sijaona mfumo endeshi unaozifaa zaidi. Windows 11 inazikataa kwa sababu inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Kuiweka kwenye SSD kunachukua kama dakika 20 tu. Wengi wanakwama kwenye maandalizi.

Anza na bando. Faili la ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja, ni karibu GB 3, na ushauri wangu ni ulishushe kwa torenti. Mtandao ukikatika umeshafika GB 2, torenti itaendelea pale ilipoishia. Kivinjari mara nyingi kinaanza upya, na bando ndiyo limekwenda. Ukilikopi kutoka kwa mwenzako, lihakiki kwanza kwenye Windows kwa amri `certutil -hashfile mint.iso SHA256`, ukiweka jina la faili lako, kisha linganisha alama itakayotokea na ile ya SHA256 iliyoko kwenye tovuti ya Linux Mint. Herufi moja ikitofautiana, lifute. Faili bovu linaweza kuwaka vizuri likaja kukwama katikati ya kunakili, na lawama zote zikaiangukia laptopu.

Flashi ya GB 8 inatosha. Kwenye Rufus, programu ya Windows ya kuandika ISO kwenye flashi, chagua GPT na UEFI, mtindo wa kuwaka wa laptopu za kisasa. Kama flashi umeinunua barabarani, weka tiki kwenye kipengele cha kukagua diski mbovu, maana zipo zilizoandikwa GB 32 ambazo ndani hazina hata nusu yake. Ukaguzi huo unachukua muda, lakini unazibaini.

Ukitaka kubaki na Windows pembeni, nakili nyaraka zako kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status` uone kama BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, imewashwa; ikiwa imewashwa, usiguse chochote kabla hujahifadhi ufunguo wake mahali pengine. Halafu andika `powercfg /h off` kuzima usingizi wa Windows (hibernation). Usipofanya hivyo, Windows haizimiki kabisa na Mint itafungua diski yake kwa kusoma tu, bila kuandika. Mwisho ingia `diskmgmt.msc`, sehemu ya Windows ya kugawa diski, punguza C, acha GB 60 tupu.

Chaji betri ijae ndipo uendelee. Umeme ukikatika wakati sehemu za diski zinabadilishwa, nyaraka zinaweza kupotea zote.

Chomeka flashi, washa, bonyeza F9 kwenye HP, au F12 kwa Dell na nyingi za Lenovo. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo usiwe na haraka: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na mwanga wa skrini. Kadi za Wi-Fi za Intel kwa kawaida hukubali zenyewe. Baadhi ya za Broadcom zinahitaji draiva ya ziada. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha fungua Driver Manager. Kama diski haionekani kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla mfumo haujawaka) utazame SATA: huenda iko kwenye RAID na inatakiwa AHCI. Onyo: ukiibadilisha hivihivi, Windows iliyopo inaweza isiwake tena.

Kwenye kuinstoli chagua "Something else", tengeneza sehemu ya ext4 (mpangilio wa diski wa Linux) kwenye ile nafasi tupu na uipe alama ya `/`. Sehemu ya EFI, inayowasha mifumo yote miwili, usiifomati. "Erase disk" inafuta kila kitu, picha za harusi na tasnifu ya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) pamoja. Kwenye ramani ya saa bonyeza Tanzania. Ikiandika Dar es Salaam, saa yetu ni hiyohiyo.

Baada ya hapo kuna mambo mawili yanayochanganya watu. Laptopu inaweza kuendelea kuwaka moja kwa moja kwenye Windows: ingia BIOS (F10 kwenye HP), pandisha "ubuntu" juu ya "Windows Boot Manager". Jina ni ubuntu kwa sababu Mint imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine. Pili, saa ya Windows inarudi nyuma saa tatu, kwa kuwa Linux huandika saa ya UTC kwenye mashine na sisi tuko UTC+3. Dawa ni kuandika `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye terminali ya Mint.

Kwa kazi za ofisi, LibreOffice inafungua Word vizuri, ila mistari husogea kama fonti hazipo. Sakinisha `ttf-mscorefonts-installer` upate Times New Roman na Arial, na `fonts-crosextra-carlito` inayoziba nafasi ya Calibri kwa vipimo vilevile. Excel yenye makro nzito, hapana. Mwenye kazi hiyo abaki Windows.

Kinachonifurahisha zaidi ni flashi za kutoka stesheneri. Kirusi kinachogeuza folda kuwa shotikati hakifanyi kazi hapa, na faili zilizofichwa unaziona, mara nyingi ndani ya folda isiyo na jina.

Vumbi la kiangazi hapa Dodoma, mfumo wowote hautalitibu. Sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors` uone joto. Prosesa ikizidi nyuzi 90 wakati unaandika barua tu, feni isafishwe.

Printa ndiyo ya kuangalia sana. Nyingi za HP hukubali kupitia HPLIP (draiva za HP za Linux), lakini zipo za leza za bei nafuu zisizo na draiva ya kueleweka. Kwa hiyo, mwenye stesheneri Majengo au Sabasaba hapa Dodoma, kabla hujafuta Windows, washa Mint kwenye flashi, chomeka printa yako na uchape ukurasa mmoja.