Miezi minane na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo

Nilianza na saa ya mkononi kama watu wengi. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma damu inavyojaa na kupungua, na ukiwa umekaa inasoma vizuri tu. Shida ni ukianza kukimbia. Asubuhi moja Coco Beach ilinionyesha 168 nami najikokota taratibu, napiga stori na mwenzangu bila hata kuhema. Kumbe ilikuwa inahesabu hatua zangu, si moyo.

Nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, na baada ya kuvutana bei sana nikachukua mkanda wa kifuani kwa shilingi 95,000. Huu unasoma umeme wa moyo wenyewe. Betri yake ni ile ya duara, CR2032, kama za rimoti ya gari: mAh 220 hivi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), wakati simu yangu ina 5,000. Nilicheka. Lakini redio, yaani kile kinachorusha namba kwenda kwenye simu, ndiyo mlaji mkubwa wa betri, na mkanda huu unaibania. Ungerusha mchoro mzima wa moyo, tuseme vipimo 250 kwa sekunde vya baiti mbili mbili, ni baiti 500 kila sekunde. Wenyewe unamaliza kazi hapohapo kifuani: unachuja mitikisiko, unatafuta kile kilele kirefu cha kila pigo, unahesabu, unarusha baiti chache tu, kisha unasinzia.

Pamoja na ubahili huo, betri ya kwanza ilikufa wiki ya tatu. Nilimsema muuzaji bure. Mimi ndiye niliyekuwa nauanika mkanda umelowa jasho, kile kidude chake chenye betri kikiwa bado kimebanwa kwenye vifungo. Kikihisi unyevu kinadhani kimevaliwa, basi kinakesha kikitafuta mapigo ya kamba ya nguo! Sasa nakibandua kila nikimaliza. Betri ya pili inaingia mwezi wa saba.

Joto letu la Dar, kwa mara ya kwanza, limenifaa. Maelekezo yanasema ulowanishe mkanda kabla ya kuvaa. Mimi nikifika getini tu nimeshalowa. Ila usuuze kwa maji, chumvi ya jasho inaula.

Simu usiiweke mfuko wa nyuma. Mwili umejaa maji, nayo yanameza mawimbi ya Bluetooth. Nyumbani mawasiliano hayakatikikatiki kwa sababu kuta zinayarudisha mawimbi; ufukweni hakuna kuta, namba zikawa zinapotea mpaka nilipoifunga simu mkononi.

Sasa lile lililonifanya niununue. Kuna usiku moyo unanirukaruka sekunde mbili tatu hivi, halafu unatulia. Nikalala na mkanda. Ukaruka kweli, nikawasha simu: 74, 75, 74. Nikampelekea daktari, akatazama kidogo, akanirudishia simu. "Mzee wangu, hizi namba zimeshapikwa. Mimi nataka mchoro." Programu niliyonayo inapokea wastani tu, na ndani ya wastani pigo moja lililopotea njia halionekani. Akanifunga kifaa chenye vibandiko na nyaya, saa 24, kinachohifadhi kila pigo. Kinawasha ngozi, na kwenye basi la mwendokasi kila mtu alinikodolea macho. Lakini kilinasa mapigo ya ziada, ambayo daktari alisema hayatishi.

Mkanda sijauuza. Asubuhi nakimbia nao. Usiku unaning'inia msumarini, kidude kimebanduliwa.