GCC 14 mbele ya skripti za configure: inagomba penye msimbo, inanyamaza penye majaribio

Anayehama kutoka GCC 13 kwenda 14 (GCC ni kompaila, programu inayogeuza msimbo wa C kuwa programu ya kuendeshwa) hukumbana na matatizo ya namna mbili. Ya kwanza yana kelele: msimbo wa zamani unakataa kukompailiwa, unarekebisha, unaendelea. Ya pili hayana dalili. Programu inajengeka mpaka mwisho, inasakinishwa, inafanya kazi, ila imepoteza uwezo fulani iliokuwa nao wiki iliyopita. Hayo ya pili ndiyo ya kupimia toleo hili.

GCC 14, iliyotoka Mei 2024, imegeuza kuwa makosa mambo ambayo zamani yalikuwa maonyo tu: kuita funksheni isiyotangazwa, kuacha aina ya data ili kompaila ijidhanie kuwa ni `int`, kuchanganya namba na kielekezi (pointer, anwani ya kumbukumbu) bila kubadili aina waziwazi, kupeana vielekezi vya aina zisizolingana, na `return` isiyoendana na aina ya funksheni. Mawili ya kwanza yalifutwa kwenye lugha tangu C99, kiwango cha C cha mwaka 1999, na kompaila nyingine, Clang 16, iliyakataa mapema, mwaka 2023. Hakuna aliyeviziwa. Sababu nayo ni nzito: funksheni isiyotangazwa huchukuliwa kuwa inarudisha `int`, kwa hiyo ikiwa kweli inarudisha kielekezi kwenye mashine ya biti 64, biti 32 za juu zinakatwa na programu inaanguka mbali kabisa na mstari wenye kosa. Kwa msimbo wa kawaida, ukali huu ni wa haki na ulichelewa.

Shida iko kwenye configure, skripti inayokagua uwezo wa mfumo kabla programu haijajengwa. Skripti hiyo huandika kijiprogramu cha C, hukikompaili, kisha husoma jibu: kikikubali ni "yes", kikikataa ni "no". Haina njia ya kutofautisha mfumo usio na funksheni na jaribio lililoandikwa hovyo. Chukua jaribio la aina hii, ambalo limejaa kwenye vifurushi vya miaka ya tisini:

```
main() {
  char b[4];
  exit(snprintf(b, sizeof b, "%s", "abcdef") != 6);
}
```

GCC 13 inatoa maonyo tu na kuendelea. GCC 14 inakataa, kwa sababu `main` haina aina, na `exit` na `snprintf` zimeitwa bila hedari zake, yaani faili zinazozitangaza. Skripti inaandika "no" na kusonga mbele. Hapo programu inaweza kurudi kwenye `sprintf` isiyo na kikomo cha urefu, kwenye mfumo wenye `snprintf` nzima kabisa. Kompaila iliyokazwa kwa ajili ya usalama imeishia kuupunguza, wala hakuna onyo lililofika kwenye skrini.

Marekebisho yenyewe ni mepesi: weka `#include <stdio.h>`, andika `int main(void)`, na badala ya `exit` tumia `return`. Kazi ni kulipata jaribio bovu. Jenga mara mbili kwenye saraka mbili tofauti, `a` na `b`, kila amri ya configure ndani ya saraka yake, bila kushiriki `config.cache` (faili ya majibu yaliyohifadhiwa), kisha linganisha `config.h`, faili ambamo configure huandika majibu yake:

```
../configure CC=gcc-13
../configure CC=gcc-14
diff -u ../a/config.h ../b/config.h
```

Kila mstari uliogeuka kutoka `#define` kuwa `#undef` ufuatilie ndani ya `config.log`, kumbukumbu ya majaribio yote. Kama huna GCC 13, tumia 14 yenyewe na `CFLAGS='-g -O2 -fpermissive'` kama kipimo cha kulinganishia; `-fpermissive` huyarudisha makosa haya kuwa maonyo. Usisahau `-g -O2`. Ukiweka CFLAGS mwenyewe, chaguo-msingi za configure zinafutika. Kutafuta neno "implicit declaration" ndani ya `config.log` nako kunasaidia, lakini si kila kosa humo ni tatizo, maana baadhi ya majaribio yanatarajiwa kushindwa. Ulinganisho wa `config.h` ndio wenye kuaminika.

Hapa GCC inastahili sifa: ujumbe wake wa kosa hutaja hedari inayokosekana, hivyo mara nyingi dawa imeandikwa mistari michache chini ya ugonjwa.

Je, `autoreconf -fi` inatosha? Kwa sehemu. Amri hiyo huzalisha configure upya kwa Autoconf, chombo kinachoiandika. Ukiwa na Autoconf 2.72, majaribio yanayotokana na makro zake (vipande vya majaribio vilivyo tayari) yanaandikwa upya vizuri, jambo lenye maana kwa vifurushi vilivyobaki na skripti za 2.69 ya mwaka 2012. Yaliyoandikwa kwa mkono ndani ya `configure.ac` na faili za m4 hayaguswi. Hayo ndiyo mengi mabovu. Ongeza pia `AC_USE_SYSTEM_EXTENSIONS` mapema, makro inayoweka `_GNU_SOURCE`, kwa sababu `AC_CHECK_FUNCS`, makro ya kutafuta funksheni, hujitangazia funksheni yenyewe na kuangalia kama inaungika (link) tu. Inaweza kusema `asprintf` ipo huku hedari ikiificha kwa kukosa `_GNU_SOURCE`.

Kuibakiza `-fpermissive` kwenye mradi mzima ni kununua utulivu kwa mkopo: jaribio litapita, na kielekezi kilichokatwa kwenye msimbo halisi kitapita nacho. Afadhali `-Wno-error=implicit-function-declaration`, inayolegeza jambo moja tu na inayokubalika na Clang pia. `-std=gnu89` nayo inayalegeza makosa haya, lakini inabadili maana ya `inline`, kwa hiyo isiwe chaguo la haraka.

CMake na Meson, vyombo vingine vya kujengea programu, navyo haviko salama pale mwandishi alipojiandikia majaribio. Kumbukumbu za vyombo hivyo ziko `CMakeFiles/CMakeConfigureLog.yaml` (kuanzia CMake 3.26) na `meson-logs/meson-log.txt`.

Unaporekebisha, rekebisha ukiwa na GCC 15 akilini. Toleo hilo la 2025 limehamia `gnu23`, lahaja mpya zaidi ya C, ambamo mabano matupu yana maana ya kutopokea hoja yoyote, na `bool`, `true` na `false` ni maneno ya lugha yenyewe. Jaribio linalotangaza `int f();` kisha kuiita kwa hoja mbili litapita kwenye 14 na kujibu "no" kwenye 15. Andika aina za hoja zote sasa, au weka `-std=gnu17` mpaka upate nafasi.