Uzoefu wangu: tulivyonunua mfumo wa mafunzo mtandaoni baada ya kupima viwango vyake kwa kozi zetu wenyewe

Mfumo wa kusimamia mafunzo tulioununua umeshaingia kazini, na wafanyakazi wetu wanasomea humo. Kwa jumla naupenda. Jina lake nitaliacha, maana mifumo hii hubadilika kila mara na tathmini ya leo inaweza isiutendee haki mwakani. Ninachotaka kueleza ni jinsi tulivyoupima kwa upande wa viwango, yaani kanuni za kiufundi ambazo kozi na mfumo hufuata ili vielewane, kwa sababu upande huo ndio ulioamua tununue kwa nani, na ndio ambao wanunuzi wengi humwachia fundi auangalie mkataba ukiwa umeshatiwa saini.

Tuna kozi nyingi zilizotengenezwa na watu mbalimbali, kwa programu mbalimbali, kwa miaka mingi: usalama kazini, ulinzi wa taarifa za wateja, mafunzo ya wafanyakazi wapya. Nyingine tulizinunua, nyingine tulizitengeneza wenyewe. Mfumo wa zamani ulikuwa na tatizo lililotuchosha sana. Mtu anamaliza kozi, anafaulu mtihani, anafunga dirisha, halafu ripoti inasema bado hajamaliza. Mkaguzi akitaka ushahidi kwamba fundi alifundishwa kabla ya kugusa mtambo, ripoti kama hiyo haina msaada, na fundi mwenyewe analazimika kurudia kozi aliyokwisha kuifaulu. Kwa hiyo safari hii swali letu kwa kila muuzaji lilikuwa hili: kinachotokea ndani ya kozi kinafikaje kwenye rekodi, na je, kinafika kizima?

Wote walijibu kwamba mfumo wao unakubali SCORM, kiwango cha kufungasha kozi na kupeleka matokeo yake kwenye mfumo. Jibu hilo halitoshi hata kidogo. SCORM ilitokana na mpango wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na sokoni utakutana na matoleo mawili: SCORM 1.2 ya mwaka 2001, na SCORM 2004, ambayo nayo iliendelea kurekebishwa hadi toleo lake la nne mwaka 2009. Yote mawili hufungasha kozi katika faili ya zipu yenye orodha iitwayo imsmanifest.xml, na katika yote mawili kozi huzungumza na mfumo kwa JavaScript ndani ya kivinjari. Wanachozungumza ndicho kinachotofautiana, na tofauti hiyo inagusa ripoti yako moja kwa moja.

Chukua hali ya msomaji. Katika SCORM 1.2 kuna sehemu moja tu ya kuandika hali yake, na humo hukaa neno moja: ama amemaliza, ama amefaulu, ama ameshindwa, ama bado. Mtu aliyesoma kurasa zote kisha akaanguka mtihani ataandikwaje? Inategemea aliyetengeneza kozi aliamua nini. Kozi moja itamwandika kuwa amemaliza, nyingine kuwa ameshindwa, na ukiziweka pamoja kwenye ripoti ya idara nzima huwezi kujua nani anahitaji kusoma tena na nani anahitaji mtihani tu. SCORM 2004 ilitenganisha mambo haya: kumaliza kuna sehemu yake, kufaulu kuna sehemu yake. Kwa kozi za usalama mimi nataka zote mbili, tena zionekane katika safu mbili tofauti za ripoti. Kuna mfumo uliopokea data hizo mbili vizuri kabisa, kisha kwenye ripoti ukaziunganisha tena kuwa neno moja. Muuzaji hakuwa amesema uongo aliposema wanatimiza SCORM 2004. Kiwango kinaeleza kozi na mfumo wazungumze vipi. Jinsi meneja atakavyosomewa matokeo ni kazi ya mwenye mfumo, nayo unapaswa kuipima kivyake.

Ndiyo maana hatukuridhika na maonyesho ya wauzaji. Kozi wanazoonyesha huwa fupi, zimetengenezwa upya, na zimeshajaribiwa humo humo. Tuliomba akaunti za majaribio tukapakia kozi zetu wenyewe, hasa zile zenye historia ya usumbufu. Kabla ya hapo tuliziendesha zilezile kwenye SCORM Cloud, huduma ya kampuni ya Rustici Software, ambayo hukuonyesha mstari kwa mstari kozi imetuma nini na imejibiwa nini. Rekodi hiyo ndiyo tuliyolinganishia. Tofauti ikitokea, mnakaa na muuzaji mkiangalia mstari uleule badala ya kurushiana lawama kwamba kozi ndiyo mbovu au mfumo ndio mbovu. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika ununuzi wako, nakuomba lifanye hili.

Jaribio lililotufunza zaidi lilikuwa la kozi ndefu. Mtu akiacha kozi katikati, kozi humpa mfumo maelezo ya alipofikia ili siku akirudi aendelee. Katika SCORM 1.2 maelezo hayo hayapaswi kuzidi herufi 4,096. SCORM 2004, kuanzia toleo la tatu la mwaka 2006, inautaka mfumo uweze kuhifadhi angalau herufi 64,000. Kozi yetu ya usalama ina kurasa nyingi na maswali mengi, na ukikaribia mwisho inavuka kikomo cha 1.2. Tulisoma karibu hadi mwisho, tukafunga, tukarudi. Kuna mfumo uliokata herufi za ziada kimyakimya na kuturudisha mwanzo. Mwingine uliyakataa maelezo yote na kuandika kosa kwenye kumbukumbu zake. Mfumo huo nauheshimu zaidi, kwa sababu fundi anaweza kuliona tatizo na kulitibu. Na mwingine ulihifadhi kila kitu bila kujali kikomo, jambo lililowafurahisha wenzangu. Mimi liliniogofya kidogo. Mfumo mpole kupita kiwango hukufichia kasoro za kozi zako mpaka siku utakapohama, na siku hiyo zitaibuka zote kwa pamoja.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba katika SCORM 1.2 baadhi ya data ni za hiari. Majibu ya kila swali ni mojawapo. Mfumo unaweza kutimiza SCORM 1.2 barabara na usihifadhi hata jibu moja, ukabaki na alama ya jumla tu. Sisi tulihitaji kujua ni swali gani watu wengi wanalikosa, kwa sababu swali linalokoswa na watu wengi mara nyingi huonyesha kwamba somo lenyewe limefundishwa vibaya. SCORM 2004 iliondoa hiari hiyo kwa upande wa mfumo: lazima ukubali data zote. Basi muulize muuzaji waziwazi kama majibu ya maswali yanahifadhiwa katika 1.2, kisha mwambie akuonyeshe yanavyotoka kwenye ripoti.

Lile tatizo la kufunga dirisha nalo lina chanzo kinachojulikana. Kozi nyingi za zamani husubiri msomaji afunge dirisha ndipo zitume matokeo ya mwisho. Tangu Chrome 80, iliyotoka Februari 2020, kivinjari hicho kinazuia aina ya mawasiliano ambayo kozi na mifumo mingi ilitegemea wakati ukurasa unafungwa. Mfumo uliotunzwa vizuri hutuma data kidogo kidogo msomaji akiendelea, na una njia mbadala ya kuokoa za mwisho. Tulipima kwa kufunga dirisha ghafla mara tu baada ya mtihani, kwenye vivinjari tofauti, kwenye kompyuta na kwenye simu. Mfumo tuliouchagua haukupoteza kitu hapo, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuununua.

Kuhusu xAPI, kiwango kingine cha kurekodi mafunzo kilichokuja baada ya SCORM, tahadhari. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2013, na mwaka 2023 IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi, iliipitisha kuwa kiwango rasmi. Hurekodi matukio kwa sentensi za nani alifanya nini, popote alipokuwa, hata nje ya mfumo, na ina uwezo mkubwa. Ila xAPI peke yake haisemi mfumo uifungueje kozi wala nini kihesabiwe kuwa kumaliza. Pengo hilo linazibwa na cmi5, kanuni za kutumia xAPI ndani ya mfumo wa mafunzo, iliyotolewa rasmi mwaka 2016. Muuzaji akitaja xAPI, uliza mara moja kama hifadhi ya rekodi imo ndani ya bei, kama unaweza kuzichota sentensi zako zote mwenyewe, na kama cmi5 inakubalika. Kwetu cmi5 ilikuwa ya kulipia zaidi, tukaiacha kwa sasa, lakini tuliandikisha bei yake kwenye mkataba ili isipande siku tutakapoihitaji.

AICC, kiwango cha zamani kuliko SCORM, hatukuipa uzito. Kamati iliyoianzisha ilivunjwa mwaka 2014, na kozi zetu chache za aina hiyo tutazitengeneza upya. Kwa kuunganisha huduma za nje tulitaka LTI 1.3, ambayo ulinzi wake ni bora kuliko wa matoleo yaliyotangulia, na tulithibitisha kwenye orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa ambayo 1EdTech, shirika linalosimamia LTI, huiweka wazi kwa umma. Muuzaji kujisemea na chombo cha nje kupima ni mambo mawili tofauti. Wapo pia wanaosema ukweli wazi: nyaraka za Moodle, mfumo wa mafunzo usiolipiwa leseni, zinaeleza kwamba imefaulu majaribio ya ADL ya SCORM 1.2, na kwamba SCORM 2004 haikubaliki kikamilifu. Mnunuzi akisoma hivyo anaweza kupanga. Laiti wote wangeandika namna hiyo.

Viwango vya ufikivu, yaani vya kuhakikisha watu wenye ulemavu nao wanaweza kuutumia mfumo, sikutaka viwe jambo la pembeni. Tulidai WCAG 2.1, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, kwa uchache, na toleo la 2.2 la mwaka 2023 likiwezekana. Mwenzetu asiyeona alijaribu mifumo iliyobaki kwa kisoma skrini. Kurasa za mfumo zilipita vizuri karibu kote. Tatizo lilikuwa kwenye fremu inayobeba kozi, ambapo katika mfumo mmoja mtu anayetumia kibodi pekee aliingia na kushindwa kutoka. Huo tuliuondoa kwenye orodha hapohapo, ingawa bei yake ilikuwa nzuri. Mtu hawezi kudaiwa amalize mafunzo ya lazima kwenye ukurasa unaomfungia ndani.

Kwenye mkataba tuliambatisha vifurushi vyetu vya majaribio pamoja na matokeo tunayotarajia kwa kila kimoja, na kila toleo jipya la mfumo likija muuzaji anapaswa kuvipitisha tena. Aliafiki bila ubishi mkubwa. Tuliandika pia masharti ya kuondoka, kwa sababu SCORM haisemi lolote kuhusu kuhamisha historia ya wasomaji kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kozi zitatoka zikiwa zipu zilezile tulizopakia, na rekodi zitatoka kwa muundo tulioutaja safu kwa safu.

Upungufu upo. Ripoti ya majibu ya maswali ni nzito kuisoma, hivyo tunaipakua na kuichambua kwenye lahajedwali. Orodha ya yaliyomo katika kozi za SCORM 2004 zenye mpangilio wa masharti huwachanganya wasomaji, kwa kuwa sura zilizofungwa hazionyeshi kwa nini zimefungwa. Na programu ya simu inayoruhusu kusoma bila intaneti hupeleka matokeo baadaye kwa njia ya muuzaji mwenyewe, njia ambayo SCORM haiigusi. Tuliijaribu mtu akisoma kozi moja kwenye simu bila mtandao na kwenye kompyuta siku hiyohiyo, na rekodi ya baadaye ikafuta alama ya juu aliyokuwa nayo. Tumewaandikia, wamekiri, wanarekebisha. Hadi tupate toleo hilo na kulipima kwa vifurushi vyetu, kozi zenye mtihani hazifunguliwi bila mtandao.