Huduma ya kupima neva na misuli ya mbwa: yaliyotupata na Bosko

Mbwa wetu Bosko aligongwa na gari mwezi Machi, na tangu siku hiyo akawa anaburuta mguu wa mbele wa kushoto, unyayo umekunjika, vidole vikichubuka kwenye lami. Kwa kuwa eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, tulipewa rufaa kwenda hospitali ya wanyama yenye kitengo cha neva, hapa Uingereza tunakoishi.

Miadi ya kwanza ilipangwa siku ya pili baada ya ajali, na hapo ndipo penye lawama yangu. Neva iliyokatika huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa katika kipande chake cha chini, na msuli uliopoteza neva huchukua takriban juma moja kabla haujaanza kuonyesha dalili. Majibu yalitoka karibu ya kawaida, tukafurahi bure, kisha tukalipia nusukaputi mara ya pili. Aliyepanga miadi alipaswa kulijua hilo.

Siku ya 12 tulimpata daktari mwingine, na huyo namsifu bila kusita. Kwanza aliifunika miguu ya Bosko kwa blanketi la moto, kwa sababu neva iliyopoa hupitisha ujumbe polepole, na mguu baridi waweza kumfanya mbwa mzima aonekane mgonjwa. Kisha akachoma sindano nyembamba inayonasa umeme wa msuli, msuli baada ya msuli, nami nikiruhusiwa kuusikiliza umeme huo kwenye spika. Msuli wenye afya ukipumzika huwa kimya kabisa. Ule wa nyuma ya kiwiko cha kushoto ulitatarika mfululizo, kama mvua juu ya bati. Sauti ile bado ninayo masikioni.

Baadaye alichochea neva kwa umeme mahali pawili, akapima umbali kati yake kwa utepe na kuugawa kwa tofauti ya muda, apate kasi ya ujumbe. Kwenye mguu wa kulia kasi hiyo ilizidi mita 50 kwa sekunde, kama inavyotarajiwa kwa mbwa mzima. Neva iendayo kwenye kiwiko cha kushoto haikujibu, ila msuli wa bega ulijibu kidogo, na kwa ajili ya jibu hilo dogo alitushauri tusiharakishe kuukata mguu, maana neva huota kwa takriban milimita 1 tu kwa siku.

Alituchorea mguu na kutia alama kila alipochoma, ili mwezi Juni misuli ileile ipimwe tena.